Kocha Hakuwa Mpole

Msibani walisema Kocha alikuwa mtu mpole. Meneja wa uwanja wa gofu alishika kipaza sauti, akasafisha koo, akatangaza kwamba marehemu alikuwa mnyenyekevu, mtu wa watu, na kwamba yale yaliyotokea kati yake na uwanja yalikwisha zamani, maana kabla hajafa aliomba radhi na wakasameheana. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa upande wa jikoni na akina mama wenzangu, nusura nitoke na mwiko mkononi. Jirani yangu akanivuta kitenge, akaninong'oneza nitulie, huu ni msiba. Nikatulia kwa ajili ya mjane. Sasa matanga yameanuliwa na mdomo ni wangu.

Kocha hakuwa mpole. Alikuwa na hasira za kusikika mpaka barabara ya lami, na yule mtu waliyetaka amwombe radhi hakumwomba. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyembebea begi la fimbo mpaka bega langu moja likashuka chini ya jingine, na mimi ndiye niliyetumwa kwake mara ya mwisho. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alibatizwa na padri yupi, hayo yalisomwa kaburini na mimi siyarudii.

Wengi hapa Karatu hawakuelewa kazi yake. Alikuwa mchezaji wa kulipwa wa gofu, na maneno hayo matatu, mchezaji, kulipwa, gofu, ukiyatamka pamoja kwenye mnada watu walikuwa wanacheka. Walimuuliza, yaani wewe unalipwa kuupiga mpira mdogo halafu uufuate kwa miguu? Akijibu ndiyo, wanamuuliza kwa nini asiubebe tu. Alikwenda kushindana Arusha, Dar, Nairobi, mpaka Kampala, akarudi na vikombe ambavyo mkewe alihifadhia chumvi na viberiti. Umri ulipompanda akatulia kwenye uwanja wetu, ule wa mashimo tisa kwenye shamba la kahawa juu kabisa, karibu na msitu wa kreta, akawa anafundisha wageni wa mahotelini na watoto wa mji, na mashindano yakija anacheza. Uwanja ule ulikuwa ndio pekee kwetu. Ukiutoa huo, wilaya nzima ni maharage, ngano na vumbi, na mpira wa gofu hauwezi kutambaa juu ya matuta ya maharage.

Ukimwona kwa mbali ungemtambua kwa mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa na rangi tofauti na wa kulia, kwa sababu ya glavu ambayo aliivaa mkono mmoja tu maisha yake yote. Kanisani, wakati wa kupeana amani, watoto walikuwa wanagombania kushika ule mweupe. Shati lilipigwa pasi, soksi zilipandishwa mpaka magotini, kofia ilichakaa vibaya na hakukubali nyingine. Alikuwa mwembamba, na akisimama mbele ya mpira alitulia mpaka unajiuliza kama amelala.

Mimi nilianza kubeba begi siku aliyokosa mtu wa kulibeba. Nilikuwa nimepeleka maziwa klabu, akaniona ninavyobeba dumu, akauliza kama naweza kubeba na hili. Wanaume waliokuwa pale wakacheka, mwanamke na gofu wapi na wapi. Kocha akawaambia mwenye wivu aje alibebe yeye. Hakuna aliyekuja. Kuanzia siku ile nikawa mtu wake uwanjani, yeye ananiita Mama Safari, mimi namwita Kocha, na mume wangu akizungumziwa maneno mjini alikuwa anawajibu kwamba yeye hana shida, hasira za Kocha zitamlindia mke.

Basi tuje kwenye hizo hasira, maana ndizo zinazosemwa.

Gofu inataka kimya. Mtu anapoinama kupiga, waliosimama karibu wananyamaza, ndiyo adabu ya mchezo, hata mtoto anaelewa akielezwa mara moja. Sasa watazamaji wetu wa siku hizi hawaji kutazama, wanakuja kuonekana. Mtu anasimama nyuma ya mchezaji akijipiga picha. Mwingine anarusha kile kidege cha kupiga picha kinacholia kama nyuki juu ya vichwa vya watu. Mwingine ana chupa mkononi na anasimulia biashara zake kwa sauti ya kuita mbuzi. Wachezaji wengine wanameza mate na kujikausha. Kocha hakumeza kitu. Alikuwa anainua kichwa, anamtafuta mwenye kelele kwa macho, halafu anaketi chini. Anaketi kabisa, kwenye nyasi, fimbo juu ya magoti, na anasema neno moja: "Nangoja." Angeketi hapo mpaka pawe kimya, na hata waamuzi wamwite vipi, hasimami.

Na hiyo ilikuwa hasira yake ndogo. Kubwa zilikuwepo. Nairobi simu ya bwana mmoja ililia Kocha akiwa amekwishanyanyua fimbo. Aliishusha, akamwendea yule bwana, akaichukua simu mkononi mwake kwa adabu kabisa, akaipokea. Akamwambia aliyepiga kwamba mwenye simu yuko kwenye gofu, hajambo, ila hana akili, apigiwe baadaye. Arusha alimfukuza mpiga picha mpaka kwenye miti. Hapa hapa kwetu aliwahi kumnyang'anya mtalii mmoja kidege chake kilipotua, akakitia kwenye begi langu, na nikatembea nacho mashimo yote yaliyobaki kikitikisika kama kuku. Mtalii alikuja nyuma yetu akibembeleza. Tulipomaliza Kocha akamrudishia na kumkaribisha chai.

Aliyemwona siku hizo akasema Kocha ni mtu wa kelele anayechukia kelele, nitamwambia ana haki. Maana twende kwenye banda la kuonyeshea mpira wa miguu siku timu yake inacheza. Mungu wangu. Alikuwa anapanda juu ya benchi, anamtukana mwamuzi aliyeko Dar ambaye hamsikii, anawaziba wenzake, mpaka mwenye banda alikuwa anamuuzia tiketi ya kona. Nilimuuliza siku moja kama haoni aibu. Akaniambia mpira wa miguu ni ugomvi, na kwenye ugomvi watu wanapiga kelele, lakini kazi yetu sisi ni kama kutia uzi kwenye tundu la sindano, na hakuna anayemkoromea mama yake akitia uzi. Kanisani pia aliimba kwa nguvu na nje ya tyuni, na mwalimu wa kwaya alimstahi kwa sababu ya umri tu.

Lakini jambo ambalo watu wa klabu hawakulielewa kamwe ni hili. Kelele zenyewe hazikumsumbua. Trekta lingelima ng'ambo ya ua, yeye anapiga. Ng'ombe wa vijana wa Kimaasai wangepita na kengele zao zote, anapiga. Shule ingetoka, watoto wamwagike barabarani wakipiga mayowe, anapiga na anatabasamu. Nyati aliwahi kutoka msituni akasimama kwenye shimo la tatu akila nyasi zetu na kupuliza pua, tukakaa mbali tukamsubiri mpaka ashibe, na Kocha hakutoa hata sonyo. Nikamtania kwamba leo hasira zimekimbilia wapi. Akasema: "Nyati hajui anachofanya. Mimi nina ugomvi na anayejua."

Na kulikuwa na sauti moja ambayo hiyo aliipenda. Pembeni ya shimo la tisa, lile la mwisho, inapita njia ya miguu. Ilikuwepo kabla ya uwanja, kabla ya kahawa yenyewe, inatoka bondeni kwenda zahanati na sokoni, na watu wa bondeni wanaipita kila siku na kuni zao, majani ya ng'ombe, watoto mgongoni. Sasa sisi watu wa huku hatumpiti mtu kama jiwe. Ukimkuta mtu unamsalimia, na salamu yetu ya Kiiraqw si ya kutupia begani. Unauliza nyumba, unauliza watoto, ng'ombe, mvua, halafu na yeye anakuuliza yote hayo, na wote wawili mnakuwa mmesimama. Mtu wa njiani hajui kama huyu wa kwenye nyasi amefikia kupiga au la. Anaona mtu ameinama, anafikiri ameangusha kitu, anamsalimia.

Kila aliposalimiwa, Kocha alishusha fimbo. Hata kwenye mashindano. Angeshusha fimbo, avue kofia, aitikie mpaka mwisho, mvua ya kwao na mvua ya kwetu, halafu aanze upya. Wachezaji wenzake walikuwa wanatazama saa. Kwa wanafunzi wake hilo lilikuwa somo la kwanza, kabla ya kushika fimbo, wawe watoto wa Karatu au Wazungu wa mahotelini: mtu akikusalimia, shusha fimbo, mpira hauna miguu, utaukuta. Mzungu mmoja aliandika hilo kwenye mkono wake ili asilisahau.

Aliyemsalimia zaidi alikuwa Bibi wa bondeni, ajuza aliyeinama kidogo, anayepita na mzigo wa majani kichwani. Si mama yake wa kumzaa, ila alimwita mama na yeye akamwita mwanangu. Huyo salamu zake zilikuwa ndefu kuliko za wote. Alikuwa haelewi mchezo hata kidogo, na alimhurumia Kocha kwa kupoteza kipira chake kila siku.

Sasa ile siku.

Lilikuwa shindano la kikombe, na mdhamini wake alikuwa bwana mwenye hoteli kubwa huku juu, mtu wa magari mengi na kicheko kikubwa. Nitamwita Mdhamini, yatosha. Asubuhi kabla ya kuanza Meneja alituita mimi na Kocha stoo, mahali fimbo zinapolazwa. Alimwambia hivi, na mimi nilikuwepo: wageni wamelalamika vya kutosha, na leo akigombana na mgeni hata mmoja, ufunguo wa stoo utarudi mezani na hatakanyaga nyasi hizi tena, kufundisha wala kucheza. Kocha akauliza kama na wageni wameambiwa wanyamaze. Meneja akasema wageni ni wageni. Kocha alinipa begi tukatoka, na njiani nilimsihi. Nilimwambia Kocha, leo funga mdomo, kwa ajili ya mkeo, kwa ajili yangu pia maana na mimi nakula hapa. Akaniambia atajitahidi. Na alijitahidi, nitamtetea kwa hilo mpaka kaburini kwangu.

Mdhamini alianza kwenye shimo la saba. Kocha alipoinama, yeye akakohoa. Mpira ukapita pembeni. Rafiki zake wakacheka na kugonganisha chupa, na nikaelewa kwamba wamewekeana dau. Shimo la nane akakohoa tena. Kocha akaketi kwenye nyasi, akasema anangoja. Meneja akamwonyesha kidole kwa mbali. Na Kocha, jamani, alinyanyuka. Sijawahi kumwona akinyanyuka kabla ya kimya, siku ile alinyanyuka, na mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

Tukafika la tisa. Yeye na kijana mmoja wa Arusha walikuwa sawa, na mpira wa Kocha ulikuwa karibu na shimo, kitu cha kusukuma tu, akiuingiza kikombe ni chake. Watu wamejaa. Akainama. Mdhamini akakohoa. Kocha akasimama wima, akapumua, akainama tena. Kikohozi tena, na vicheko vya chini chini. Akainama mara nyingine, na safari hii nilimwona amefumba macho kabla ya kuyafumbua kwenye mpira. Fimbo ikarudi nyuma. Sauti ikatoka pembeni yake. Na Kocha, bila kuinua kichwa, akafoka kwa nguvu zake zote: "Nyamaza wewe! Huna adabu?"

Ilikuwa ni Bibi wa bondeni. Alikuwa amesimama njiani na majani yake, anamsalimia.

Sitausahau uso wa yule mama. Hakukasirika, alishtuka tu, kama mtu aliyekosea nyumba. Akasema taratibu kwa Kiiraqw kwamba alikuwa anamsalimia mwanawe. Akashusha mzigo, akaketi juu yake. Na Mdhamini na rafiki zake wakaangua kicheko cha kushikana mabega, maana kwao hiyo ilikuwa ndiyo bora kuliko zote.

Kocha akauacha mpira pale pale. Alimwendea Mdhamini moja kwa moja, mimi nyuma na begi, Meneja akikimbia kutoka upande mwingine. Nilijua atampiga. Hakumpiga. Alimkabidhi ile fimbo.

"Shika," akasema. "Kapige wewe, mimi nikohoe."

Mdhamini alirudi nyuma hatua, fimbo mkononi, anatazama huku na huku.

"Kwa ajili yako nimemfokea mama yangu mbele za watu," Kocha akamwambia. "Haya, nenda kapige. Unaogopa nini?"

Hakwenda. Simu zote zilikuwa juu zinachukua picha. Meneja akaingia katikati, akamshika Kocha mkono, akamwambia kuna njia moja tu ya kumwokoa: wakati wa zawadi, hemani, asimame mbele ya wageni wote amwombe Mdhamini radhi. La sivyo, ufunguo.

Hemani kulikuwa na viti vyenye vitambaa na nyama choma inanukia. Kijana wa Arusha akapewa kikombe chake, hakukiinua hata juu, mtoto wa watu. Kisha Meneja akampa Kocha kipaza sauti. Kocha alikuwa ameshavua kofia. Akasema ameambiwa aombe radhi, na kweli amekosa, na ataomba. Nikapumua. Meneja akapumua. Mdhamini akaanza kutengeneza tai yake ili apokee.

Kocha akaweka kipaza sauti mezani, akatoka hemani, akampita Mdhamini bila kumtazama. Akavuka nyasi zote zile mpaka njiani, alikokuwa ameketi Bibi, kwa maana mama wa watu alikuwa hajainuka bado, akachuchumaa mbele yake. Akamwomba radhi. Halafu akamsalimia, salamu yote, kuanzia mwanzo. Akauliza nyumba, akauliza watoto, ng'ombe yule aliyekuwa na mimba, mahindi, mvua. Bibi naye akamuuliza yake. Hema zima lilikuwa limegeuka kuwatazama na hakuna aliyethubutu kukohoa. Mimi machozi yalinitoka, nayasema wazi, na yalikuwa ya raha. Walipomaliza akambebea majani mpaka kwake bondeni. Jioni akaja akaweka ufunguo kwenye meza ya Meneja, akaondoka.

Ndiyo hivyo alivyopoteza uwanja. Alihamia Baray kwa binti yake, kwenye mashamba ya vitunguu, kule chini kunakochoma jua na upepo wa ziwa Eyasi unakuja na chumvi. Mjini walisema jeuri imemponza, angejishusha kidogo tu yangekwisha. Nilisikia hayo kinyozini, kanisani, mashineni kwenye foleni ya kusaga. Wote waliosema hawajawahi kukoholewa.

Nilikaa muda bila kumwona. Kisha video ya ile siku ikaanza kuzunguka kwenye simu, Kocha anampa mtu fimbo, na watu wa mbali wakaipenda, wakaicheka, wakaanza kuuliza mahotelini yuko wapi yule mzee wa gofu anayeketi chini. Wageni wakamtaka. Shindano kubwa lilikuwa linakuja. Meneja akaniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti laini, akaniita mama mara nyingi. Akasema niende Baray nikamwambie Kocha arudi, stoo yake ipo, fimbo zake zipo. Neno moja tu limebaki, ampigie Mdhamini, hata kwa simu, aseme samahani, dakika moja haifiki. Akaniwekea namba kwenye simu yangu. Nilikubali, kwa sababu nilikuwa namtaka arudi kuliko hata yeye Meneja.

Nilimkuta ng'ambo ya vitunguu, kwenye uwanda mkavu, mbuzi wamezagaa. Alikuwa amechimba shimo kwenye udongo kwa kopo na kulifagia pembeni. Alikuwa amekonda vibaya mno, na mkono ule mweupe ulikuwa umechomwa na jua ukafanana na mwenzake. Ameinama mbele ya mpira. Nikasimama kimya, mazoea ya begi. Akapiga, akakosa, akageuka.

"Mama Safari. Mbona husalimii?"

Nikamwambia alikuwa anapiga. Akaniambia nimekuwa mtu wa klabu. Basi tukasalimiana sawasawa, nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, na katikati kikohozi kikamkamata, kirefu, cha kifuani, akashika kiuno mpaka kikapita. Akacheka. Alisema Mungu ana utani, siku hizi akiinama kupiga anakohoa mwenyewe, na hana wa kumpa fimbo. Nilicheka naye, na moyo ulikuwa unaniuma.

Nikampa ujumbe wote. Sikuficha na sikutia chumvi. Akauliza nyasi zikoje. Nikamwambia mvua zilikuwa nzuri, ni za kijani mpaka zinaumiza macho. Akafumba macho kidogo. Akaichukua simu yangu, akaitazama ile namba, na nitasema ukweli, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Aliutaka ule uwanja jamani, usifikiri aliudharau. Mtu asiyetaka hapotezi hivyo.

"Mama bado anapita pale?" akaniuliza.

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia hapana. Baada ya yeye kuondoka waliweka seng'enge, wakafunga njia, wageni wasisumbuliwe. Bibi siku hizi anazunguka barabarani na magari, na mzigo wake kichwani.

Akanirudishia simu. Akaenda kwenye mpira wake, akaketi chini kwenye vumbi, fimbo juu ya magoti, vile vile.

"Waambie nangoja," akasema.

Nikamuuliza anangoja nini tena, Kocha, muda wenyewe ni huu. Nilimwonyesha kifua chake kwa kidole, ndivyo nilivyokuwa nimekata tamaa.

"Wanyamaze," akasema, "halafu wamfungulie mama njia. Nitapiga baadaye."

Niliketi naye mpaka gari la mwisho. Mbuzi walikuwa wanalia, upepo unavuma, binti yake anaita watu wa vitunguu waje kula, na yeye katikati ya kelele zote hizo alisimama mara moja akausukuma mpira ukaingia.

Kesho yake nilikwenda kwa Meneja. Alikuwa na watu wake wawili na chai mezani. Akanikaribisha kwenye kile kiti laini. Nikakipita, nikaketi chini kwenye zulia lake, miguu nimeinyoosha, na mkoba juu ya magoti. Akauliza, mama vipi, unaumwa? Nikamwambia siumwi. Nikamwambia Kocha amekusikia, na jibu lake ni kwamba anangoja. Alinisikia vizuri, maana aliniambia ninyanyuke, na sikunyanyuka.